MAJI KUANGAZA SI KUWA SAFI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Batri ya gari ikikufa, kuna watu wasiotupa sanduku lake. Wanamwaga asidi, wanalisuuza, kisha linakuwa chombo cha kuwekea maji. Chini kunabaki unga mweupe. Baba anasema: «Unga huu hauyeyuki. Tazameni, maji yanaangaza!»

Je, baba amesema kweli?

Unga ule ni salfati ya risasi. Ni kweli, hauyeyuki sana. Lakini «hauyeyuki sana» si sawa na «hauyeyuki hata kidogo». Tufanye hesabu kama wenzetu wa laboratwari.

Unga ukiyeyuka, unatoa ioni za namna mbili kwa hesabu sawa: za risasi na za salfati. Maji yakishiba, hayapokei unga tena. Hapo, kiasi cha risasi kikizidishwa kwa kiasi cha salfati kinatoa namba moja isiyobadilika, ndiyo zao la myeyuko. Kwa salfati ya risasi, katika joto la digrii 25, ni karibu 0,000000018.

Kwa kuwa ioni hizo ni sawa kwa hesabu, tutafute namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa hiyo. Ni 0,000134. Wanakemia wanahesabu kwa moli. Basi hizo ni moli za risasi katika lita moja. Moli moja ya risasi ina uzito wa gramu 207.

0,000134 × 207 = karibu gramu 0,028, ndiyo miligramu 28 katika kila lita.

Shirika la Afya Ulimwenguni linataka maji ya kunywa yasipite miligramu 0,01 ya risasi katika lita. Maji ya baba, yakishiba, yanapita mpaka huo karibu mara 2 800! Na yanaangaza.

Kusuuza kunatudanganya. Asidi ya batri ina salfati nyingi, nayo inazuia risasi isiyeyuke. Ukiweka maji safi, salfati inapunguka, na risasi inapata nafasi ya kuyeyuka zaidi. Kuchemsha pia hakusaidii: mvuke unaondoka, risasi inabaki.

Risasi inaharibu damu, figo na mishipa ya fahamu. Kwa mtoto inaharibu akili inayokua, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mimba pia iko hatarini.

Basi, tushike haya:

1. Sanduku la batri lisiwe chombo cha maji wala cha chakula, hata likioshwa mara kumi.
2. Usivunje batri nyumbani. Uirudishe mahali zinapokusanywa.
3. Ukigusa batri kazini, nawa mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zibaki kazini.
4. Kama mtoto amekunywa maji hayo, mpeleke kwa muganga na useme wazi. Damu inapimwa.

Jicho halioni risasi ndani ya maji. Hesabu imeiona. Tuwalinde watoto wetu!