Mbolea ya Ruzuku Makere na Pesa Zilizofika Wete: Hukumu ya Kujiandikishia Ekari Usizonazo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Tumeletewa suali na mama mmoja wa Wete, Pemba. Mwanawe ana duka Makere, wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, kwenye barabara iendayo Kibondo. Huko amekodi ekari tatu za shamba, analima mahindi na maharage. Ilipokuja mbolea ya ruzuku alijiandikisha kuwa analima ekari kumi. Mifuko iliyozidi akaiuza, na pesa nyingine akamtumia mama yake kwa matumizi ya nyumba. Mama anauliza mambo mawili: Je, pesa hizo ni halali kwake? Na kwa kuwa pesa ya serikali ni ya wananchi wote, je, mwanawe hakuchukua fungu lake tu?

Tumeona tulijibu kwa urefu, kwa sababu nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina watoto walioko bara kutafuta riziki, na kwa sababu neno "ruzuku" tunalisikia kila siku bila ya wengi wetu kujua pesa yake inapita wapi.

Ruzuku inavyofanya kazi

Mwaka 2022 bei zilipanda duniani kote. Dunia ilikuwa haijapoa kutokana na maradhi ya korona, mara vita vya Urusi na Ukraine vikaanza mwezi Februari. Mafuta yakapanda, nauli za meli zikapanda, na mbolea ikapanda zaidi, kwani Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea. Serikali ikachukua hatua kadhaa za kuwapunguzia watu mzigo. Kuanzia Juni 2022 ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza bei ya mafuta ya petroli. Mishahara ya kima cha chini ya watumishi wa umma bara ikapandishwa kwa asilimia 23.3. Na tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mbeya mpango wa mbolea ya ruzuku, ambao ulitengewa shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/2023.

Kilimo si jambo la Muungano, kwa hiyo mpango huo ulikuwa wa wakulima wa bara. Mkulima aliandikishwa kijijini kwake pamoja na ukubwa wa shamba lake, akapewa namba. Kwa namba hiyo alikwenda kwa wakala wa pembejeo na kununua kwa bei iliyopunguzwa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 130,000 ulipangiwa shilingi 70,000. Ile tofauti ya kiasi cha shilingi 60,000 haikuanguka kutoka mbinguni. Serikali ndiyo iliyoilipa, kutoka katika mali ya umma.

Huku visiwani tusidhani kuwa jambo hilo halituhusu. Maharage ya Kigoma hupakiwa kwenye malori, husafiri zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Dar es Salaam, na mengine huvuka bahari mpaka masoko yetu. Bei ya kilo moja dukani imebeba ndani yake bei ya mbolea, bei ya dizeli na nauli ya chombo. Mkulima asipopata mbolea huvuna kidogo, na upungufu wake huja kuonekana kwenye chungu cha mtu wa Wete.

Dini inasemaje juu ya msaada wa namna hii

Kiongozi kuwasaidia raia wakati wa ughali ni jambo lenye asili katika dini yetu. Mwaka wa 18 Hijria, ulioitwa Mwaka wa Ramada, ukame uliwapiga watu wa Hijazi. Sayyidna Umar (r.a.) aliwaandikia magavana wake walete chakula, akawagawia watu, na yeye mwenyewe akajinyima samli mpaka watu walipopata nafuu.

Wapo wanaouliza: mbona Mtume (s.a.w.) alipoombwa apange bei alikataa? Ni kweli, hadithi hiyo imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.). Alikataa kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa kuna mtu anamdai haki ya dhulma katika damu au mali. Ibn Taymiyya, alipozungumzia hisba, alieleza kuwa bei ikipanda kwa sababu za kawaida bila ya hila za wafanyabiashara, kuwalazimisha wauze kwa bei ya chini ni kuwadhulumu. Ruzuku ya mbolea haikumlazimisha mwenye bidhaa ale hasara. Serikali ilimlipa tofauti yake, na kwa malipo hayo ndipo akatakiwa auze kwa bei iliyopangwa. Kwa hiyo hakudhulumiwa. Na anayelipwa tofauti hiyo kisha akauza kwa bei ya zamani amekula mara mbili.

"Ni pesa ya sote"

Mama yetu, hoja ya kuwa mali ya serikali ni ya wote ndiyo inayozidisha uzito wa jambo hili. Mali ya mtu mmoja ukiichukua una mtu mmoja wa kumwomba radhi. Mali ya umma ina wenyewe mamilioni, na miongoni mwao wamo mayatima na wajane.

Zingatia kisa cha Khaybar kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtumishi mmoja wa Mtume (s.a.w.) aliuawa kwa mshale, na watu wakasema hongera yake, amepata pepo. Mtume (s.a.w.) akakanusha, akaeleza kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawiwa inamuwakia moto. Mtu huyo alikuwa katika jeshi, na huenda katika mgao angepata fungu lake. Lakini fungu hupatikana kwa mgao, halipatikani kwa kujichotea.

Fungu la mwanao katika ruzuku hii lilikuwa mbolea ya ekari tatu, na hilo ni halali yake kabisa. Ekari saba alizoongeza ni uongo, na mifuko yake ni khiyana. Akisema amewasaidia walionunua kwake, ajiulize: wangejiandikisha wenyewe, si wangepata kwa bei ya chini zaidi ya ile aliyowauzia? Akisema wakubwa nao wanakula, dhambi ya mwenziwe haimwandikii yeye ruhusa.

Na mtendaji aliyeandika ekari kumi kwa kupewa kitu kidogo naye ana dhima yake. Mtume (s.a.w.) alimkemea hadharani mkusanyaji wa zaka aliyerudi akisema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Alimhoji kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake angeletewa zawadi hiyo.

Anachotakiwa kufanya

Toba ya haki ya watu haitimii kwa istighfari peke yake. Ni lazima kurudisha. Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme alichukua mifuko saba ya ziada ya DAP kwa shilingi 70,000, akauza kila mmoja kwa shilingi 100,000. Yeye ataona amepata faida ya 30,000 kwa mfuko, jumla 210,000. Lakini serikali ilitoa kiasi cha 60,000 kwa kila mfuko, jumla 420,000. Deni lake ni hiyo 420,000, kwa sababu haki hupimwa kwa kile alichopoteza mwenye mali. Mtaji wake wa 70,000 kwa kila mfuko ni wake.

Azirudishe serikalini kwa njia rasmi ya malipo, na si lazima ajifedheheshe mbele ya watu. Ikiwa njia hiyo imemfungikia kabisa, Imam Nawawi katika Majmuu amenukuu kutoka kwa Imam Ghazali kuwa mali ya haramu ambayo haiwezekani kumfikishia mwenyewe hutumika katika maslaha ya Waislamu kwa jumla, au hupewa mafakiri. Hapo awaelekee wakulima masikini wa Makere kabla ya wengine, kwani wao ndio waliokusudiwa. Asiyekuwa na uwezo wa kulipa kwa mkupuo alipe kidogo kidogo, na aandike wasia wa deni hilo.

Hukumu kwa mama

Ulichokula kabla ya kujua huna dhambi nacho. Tangu ulipojua, usipokee pesa ambayo unajua kwa hakika imetokana na mifuko ile, na kama imebaki, mrudishie aingize katika deni lake. Ama pesa anazokutumia kutokana na duka lake na mavuno yake, pokea na umuombee dua. Usimkatie simu wala usimtenge. Mnasihi kwa upole, kwani maneno ya mama hufika pasipofika khutba.

Nasi tulioko nyumbani tujiangalie. Zanzibar tangu Aprili 2016 tuna Pensheni Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, na kaya masikini zimekuwa zikipata ruzuku ya TASAF. Mzee akifariki, kuendelea kupokea kwa jina lake ni jambo lile lile la ekari saba. Mwenye kujiandikisha masikini naye ana uwezo amemnyang'anya jirani yake. Familia iliyo katika hali hiyo itoe taarifa kwa sheha, isimamishe malipo, na irudishe iliyopokea. Na mwenye kustahiki achukue haki yake bila ya kuona haya.

Mwenyezi Mungu atutosheleze na halali yake tusiihitajie haramu. Wallahu a'lam.