Raba za mlimani: mfanyabiashara atazame soli kabla ya chapa

BIASHARA ya raba mjini Arusha ina misimu yake, na aliyekaa muda katika soko la Kilombero au Soko Kuu anaijua bila kufungua kalenda. Mwanzoni mwa mwaka huulizwa viatu vya mbio kwa sababu ya Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003. Kuanzia Juni hadi Oktoba wateja ni waongozaji na wapagazi wa Mlima Meru na Kilimanjaro, pamoja na wageni waliofika na viatu visivyofaa. Katikati kuna masika, wakati ambapo mali hulala na mtaji hulala nayo.

Kuna pia msukumo wa karibuni. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathon kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa mshindi wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Mteja anayekuja kuulizia "viatu vya mabingwa" baada ya ushindi kama huo ni mteja mzuri, lakini muuzaji amuulize kwanza atakimbilia wapi. Viatu vya mashindano vya siku hizi vina sponji nene, ambayo kwa barabarani kanuni za kimataifa zinairuhusu kufikia milimita 40, na mara nyingi vina bamba gumu la kaboni ndani. Hivyo ni viatu vya lami. Katika vijia vya Ilboru, Sekei au Moshono, vyenye mizizi na mawe, unene huo humwinua mtu mbali na ardhi na kifundo cha mguu hupinduka kirahisi. Mteja akiumia hatalaumu kaboni, atamlaumu aliyemuuzia.

Ardhi ya Meru yenyewe ndiyo inayopanga bei. Huu ni mlima wa volkano. Udongo wake wakati wa kiangazi ni vumbi laini linalopenya kila tundu la kiatu, na wakati wa masika ni utelezi mtupu. Juu ya kibanda cha Saddle, kilichopo mita zipatazo 3,570, mkimbiaji hukutana na majivu yanayoporomoka na mawe yenye ncha yanayochana kitambaa cha pembeni. Hivyo kiatu kimoja hakiwezi kushinda kila mahali. Chenye meno marefu ya milimita tano au sita, yaliyoachana, hushika tope na kuliachia. Ukikikimbiza kwenye njia kavu na ngumu, meno hayo hulika haraka. Chenye meno mafupi ya milimita tatu hivi hudumu zaidi kwenye ukavu, ila mvua ikinyesha kinageuka ski.

Namba ndizo zinazorudisha viatu

Wauzaji wengi wa mitumba hupoteza fedha kwenye namba, si kwenye ubora. Kiatu cha kiume cha namba 42 ya Ulaya kinakaribiana na namba 8 ya Uingereza na 9 ya Marekani. Namba ya kike ya Marekani huizidi ya kiume kwa takriban moja na nusu. Maana yake raba ya kike iliyoandikwa 9 ni sawa na ya kiume ya saba na nusu, na huyo aliyenunua kwa kusoma tarakimu tu atairudisha kesho, tena mbele ya wateja wengine. Lebo nyingi zilizo kwenye ulimi wa kiatu zina kipimo cha sentimita. Hicho ndicho cha kufuata. Kalamu, karatasi na rula vinatosha: mteja asimame juu ya karatasi, achorwe mguu, upimwe kutoka kisigino hadi kidole kirefu.

Kwa mlimani iongezwe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kutoka kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, hadi lango la Momella ni mteremko wa takriban mita elfu moja, na mguu husukumwa mbele muda wote. Kiatu kinachobana kidogo dukani hung'oa kucha huko. Ni vizuri kumpima mtu mchana au jioni, maana mguu huvimba kwa kutembea. Jambo jingine ambalo viwanda vya nje havilifikirii sana: miguu iliyokua peku au kwa ndala huwa mipana upande wa vidole. Raba nyembamba ya mbele, hata iwe na jina kubwa, itakaa rafuni muda mrefu Arusha.

Mali inayooza ikiwa mpya

Tufike kwenye uimara, ambako mtaji hupotea kimyakimya. Soli ya kati ya raba nyingi ni sponji iitwayo EVA. Haivunjiki ovyo, bali hulala na kukakamaa, na kwa kawaida husemwa kwamba raba ya mbio hutumika kilomita 500 hadi 800 kabla haijachoka. Lakini zipo soli za poliurethani, hasa katika buti za kupandia mlima na raba za miaka ya nyuma. Hizo huliwa na unyevunyevu wa hewa hata zikiwa zimehifadhiwa bila kuvaliwa. Kwa macho kiatu ni kipya kabisa, kamba nyeupe, meno yote yapo. Mpagazi akishafika kibanda cha kwanza soli inameguka kama mkate mkavu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, kiatu kikunjwe katikati kwa nguvu na soli ibonyezwe kwa kidole gumba. Ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa unga, iachwe. Makampuni kadhaa huchapa tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo ndogo ya ndani, na kiatu cha zaidi ya miaka minane kiogopwe hata kama kinang'aa. Gundi nayo huchoka. Fundi anaweza kushona soli kuzunguka, ila uzi ukiachwa nje ya soli husagwa na mawe, basi achimbe mfereji wa kuuficha.

Tuchukue mfano. Mtu amenunua robota la jozi 40 kwa shilingi 800,000. Kila jozi imemgharimu 20,000. Jozi sita zikiwa za kumeguka, zilizobaki zinamgharimu zaidi ya 23,500 kila moja, kabla ya usafiri na ushuru wa meza.

Mteja naye apige hesabu yake. Raba mpya ya shilingi 180,000 ikikimbia kilomita 700, kila kilomita ni shilingi 257. Ya mtumba ya 45,000 lazima ifike kilomita 175 ndipo ilingane nayo. Ikifika 250 ni nafuu wazi, ikifia kwenye 150 mteja amepunjwa. Muuzaji anayeweza kumweleza hivyo mteja wake atauza zaidi ya yule anayesifia chapa tu.

Kwa uimara peke yake hakuna kinachoishinda katambuga. Mpira wa tairi hauna mpinzani, ila hauna mto wowote na kidole hakina kinga. Abebe Bikila alishinda marathon ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, lakini hakukimbia kwenye mawe ya Meru.

Mwenye kutaka kuweka fedha nyingi kwenye mitumba akumbuke pia upande wa sera. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuzinyima nchi hizo nafuu ya AGOA, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia ikasimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Suala hilo linaweza kurudi. Mbadala wa ndani bado ni mdogo: kiwanda cha Karanga, Moshi, ni cha ngozi, na kampuni ya Enda ya Kenya, iliyochangisha mtaji wa kiatu chake cha kwanza, Iten, mwaka 2016, inalenga zaidi barabara.

Kwa sasa tunaona ni busara kununua meno mafupi kwa ajili ya kiangazi na kuweka jozi chache tu za meno marefu, namba 41 hadi 43. Zitakazobaki zipelekwe Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi, ambako kiatu cha tope hununuliwa na mkulima wa Meru pia.