Mhuri wa Kamishna Haugeuzi Picha ya Skrini Kuwa Ushahidi

Wafanyabiashara wa Kola, Kenya, hawaachi kuuliza kama mahakama inakubali ujumbe wa WhatsApp. Inakubali, na sheria ilishalimaliza jambo hilo kitambo: kifungu cha 106B kiliingia katika Sheria ya Ushahidi mwaka 2009, kisha cha 78A mwaka 2014, ambacho kinamkataza hakimu kuutupa ujumbe wa kielektroniki kwa sababu tu si nakala asili. Muuza maembe anayemdai dalali angefaa kuuliza hivi: nani ataithibitishia mahakama kwamba ujumbe huu ulitoka kwa dalali, na kwamba haujaguswa tangu siku ile?

Badala yake watu wanashauriana kupiga picha ya skrini, kuichapisha saiba, kuigongesha mhuri kwa kamishna wa viapo, kisha kuyafuta mazungumzo. Ushauri huo ni mbovu na unaua kesi nzuri. Kamishna ameshuhudia ukiapa, basi. Hajui picha ilipigwa lini, kwa simu ipi, wala nini kilikatwa. Kifungu cha 106B kinadai cheti kinachoutaja ujumbe wenyewe, kikaeleza ulivyotolewa na kwa kifaa gani, kikatiwa sahihi na mhusika wa kifaa hicho. Wapo watakaojibu kwamba 78A haidai nakala asili. Hao wamesoma nusu ya kifungu, maana nusu ya pili inamwagiza hakimu apime ujumbe ulivyohifadhiwa na mtumaji alivyotambuliwa. Ujumbe unaweza kupokelewa na bado usiaminiwe. Jina linaloonekana juu ya skrini huandikwa na mwenye simu, na hakuna kinachomzuia kuipa namba ya binamu yake jina la dalali. Ujumbe wa M-Pesa nao hughushiwa, na waliokabidhi mali kwa kuuamini wanalijua hilo kwa uchungu.

Kwa hiyo usifute kitu. Tunza simu yenyewe, onyesha namba kamili, toa mazungumzo yote hata yale yasiyokupendeza, chukua taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, ambatisha cheti. Deni lisilozidi shilingi 1,000,000 lipeleke Mahakama ya Madai Madogo: haifungwi na kanuni kali za ushahidi, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na wakili si lazima. Ukinunua shamba, usitegemee haya. Huko sheria inataka mkataba wa maandishi uliotiwa sahihi na kushuhudiwa, na gumzo la WhatsApp halishiki nafasi yake hata likiwa na cheti.