Mwana Mzima Asiyesikia

Hapo Dumila, barabara kuu ya Morogoro na Dodoma inapoachana na ile iendayo Kilosa, fedha hupita mikononi mwa vijana kutwa: waendeshao pikipiki, wapakiao nyanya na mpunga, wawauziao abiria wa mabasi. Wengi hula jasho lao. Lakini zimo nyumba, Dumila na kwingineko, ambamo mwana wa miaka thelathini huamka saa nne, akadai chai, na usiku akatoa gunia la mpunga ghalani mwa mamaye akalipie deni la kamari. Mama hunyamaza, akikhofu kuwa akisema neno ataandikiwa dhambi ya kukata udugu.

Dini haikumwamrisha kunyamaza huko. Katika Suratun Nisaa, aya ya 5, tumekatazwa kuwakabidhi wasio na busara mali ambayo Mwenyezi Mungu ameifanya nguzo ya maisha yetu. Na papo hapo tumeamrishwa tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao kwa wema. Wafasiri wengine wamewatia humo na watoto wa mtu mwenyewe. Basi ufunguo wa ghala asipewe, na sahani yake iwekwe. Wazazi wengi huyachanganya haya mawili: hutoa vyote mwaka mzima, kisha siku ya hasira hunyima vyote, hata jibu la salamu.

Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi katika nchi yetu, mwana aliyebaleghe, mzima wa mwili na awezaye kuchuma, kumlisha si wajibu juu ya babaye. Akilishwa, ni hisani, na mwenye kufanya hisani ana haki ya kuweka sharti. Mgonjwa hukumu yake ni nyingine, na aliyetekwa na pombe au bangi hata asijiweze apelekwe hospitali kwanza; matusi hayajapata kumponya mtu.

Iko na haki ya nduguze, ambayo husahauliwa mno. Bashir alipompa zawadi mwanawe Nuuman na kumtaka Mtume (S.A.W.) awe shahidi, aliulizwa kama amewapa wanawe wote mfano wake. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia. Shamba likiuzwa kumlipia mmoja madeni, binti mtulivu asiyedai kitu ndiye aliyelipa. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani kwa neno la mume peke yake: Sheria ya Ndoa ya 1971 yataka ridhaa ya mke pia.

Sharti na lisemwe mchana, mbele ya mashahidi, si usiku kwa kelele. Waluguru na Wakaguru, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa mama, wanaye mjomba, na neno lake aghalabu huingia pale la baba lilipogonga mwamba. Aitwe, na imamu wa msikiti akipatikana ni kheri.

Watu wa Dumila wanayajua maji. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara hapo darajani. Nabii Nuhu alimwita mwanawe mpaka wimbi likaingia kati yao, lakini hakushuka jahazini kumfuata, kwani walikuwamo wengine aliopewa amana.

Naye Nabii Yaakub, baada ya kumkosa Yusuf, wanawe walipotaka kwenda Misri na ndugu yao mdogo, hakuridhika na maneno matupu. Aliwataka kwanza wamwahidi kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa watamrudisha, ila wazingirwe wote. Na ni yeye huyo huyo, walipokuja kukiri makosa yao na kumtaka awaombee maghufira, aliyewaahidi kuwaombea kwa Mola wake.