Mechi ya ugenini Katavi huanzia kwenye springi

MPANDA. Timu ya Ligi Kuu ikisafiri, stori ni basi jipya, hoteli na kambi. Ukishuka hadi kwenye soka la wilaya na ndondo za vijiji mkoani Katavi, basi la timu ni pikapu ya dizeli ya mtu anayependa mpira: mwenye duka, mnunuzi wa mpunga, au mwenyekiti wa klabu mwenyewe. Jumatatu hadi Jumamosi inabeba magunia. Jumapili inabeba kipa, mabeki, viungo, washambuliaji, wa benchi, mipira, ndoo ya maji na mashabiki wawili watatu ambao hakuna aliyewaalika.

Mara nyingi ndinga yenyewe ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990 au Land Cruiser ya mkonga ambayo imeshabadili wamiliki mara kadhaa. Injini haina shida. Ile dizeli ya lita 4.2 iliyofungwa kwenye Land Cruiser tangu 1990 inaheshimika Afrika nzima, na Hilux za lita 2.8 za enzi hizo bado zinaunguruma. Kinachochoka kabla ya injini ni kile kilichokaa kati ya bodi na matairi, yaani springi, shokapu, bushi na pini zake.

Ukitaka kuijua pikapu iliyochoka huna haja ya kuwa fundi. Ikipaki uwanjani bila mzigo, nyuma imelala kama mbwa aliyeshiba. Ikipita shimo inagonga, na ule mlio ni wa chuma kukutana na chuma, kwa sababu mpira uliowekwa kuzuia ekseli isiifikie chasisi umeshakatika siku nyingi. Abiria wa nyuma wanaruka pamoja. Kwenye njia zinazopita karibu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi wanaongezewa na mbung'o, ambao hawajali kama wewe ni mfungaji bora au mbeba mipira.

Mkoa wenyewe ndio unaoleta mtihani. Katavi ilizaliwa mwaka 2012 ilipokatwa kutoka Rukwa, ina wilaya tatu za Mpanda, Mlele na Tanganyika, na ni mikubwa kuliko inavyoonekana kwenye ratiba ya ligi. Lami imeshaiunganisha Mpanda na Tabora, umbali wa zaidi ya kilomita 340, na madereva wanaikumbuka njia hiyo ilivyokuwa zamani. Lakini mpira wa ngazi ya chini hauchezwi kwenye lami. Unachezwa ndani ndani, na kijana wa Mpanda Mjini akipangiwa kucheza Karema, kule Ziwa Tanganyika, au Inyonga upande wa Mlele, kilomita za kwenda tu zinapita 100. Kiangazi barabara za vumbi zinaota rasta. Mvua zikianza Novemba, udongo mweusi wa mbugani unageuka uji, na hali hiyo inaendelea hadi Aprili.

KUONGEZA BAPA

Mwenye gari akichoka kugonga, anakwenda gereji na ombi moja: ikazwe. Springi ya nyuma ya pikapu hizi ni bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine na kufungwa katikati kwa sentabolti. Dawa ya haraka ni kuchukua bapa kutoka kwenye springi ya gari kubwa, kuikata ilingane na kuichomeka katikati ya zile za zamani. Wengine huzipeleka bapa zilizonyooka kwa mhunzi, zikachomwa moto na kukunjwa upya.

Hii ya moto ni hasara. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani kwa joto la kupimwa ili kiwe kinarudi kila kinapokunjwa. Ukikitia kwenye makaa ya kienyeji unakiondolea tabia hiyo, kinapendeza wiki mbili tatu kisha kinalala tena, au kinakatika safarini.

Kuongeza bapa ni jambo lenye mantiki zaidi, ila mantiki yake ni ya magunia. Gunia kumi za mahindi za kilo 100 ni tani moja. Gunia likishapangwa limetulia, liko chini, halisimami kuangalia twiga. Sasa weka vijana 16 wa kilo 65 kila mmoja: ni kilo 1,040, karibu tani ileile. Kwenye mzani hakuna tofauti. Barabarani tofauti ni kubwa, kwa sababu vijana wamesimama wameshika bomba la juu, uzito wao uko juu ya bodi, na kwenye kona wote wanaegemea upande mmoja. Wakishinda wanacheza humohumo ndani. Kitu kizito kilichoko juu na kinachohama upande ndicho kinachopindua gari.

Halafu kuna safari ya gari tupu. Pikapu iliyoongezwa bapa tatu kwa ajili ya tani moja, ikienda kuwachukua wachezaji bila mzigo, springi haikunjiki kabisa. Kwenye rasta matairi ya nyuma yanadundadunda na kugusa ardhi kwa vipande. Dereva anaona akifika kilomita 70 kwa saa gari linakuwa laini, anafurahi. Ulaini huo unatokea kwa kuwa matairi yanaruka kutoka kilima hadi kilima bila kushuka bondeni. Breki za tairi lisilogusa ardhi hazisimamishi kitu, na kona ikitokea ghafla, mkia unatangulia.

WALICHOKIJUA WA SAFARI RALLY

Watu wa mbio za magari Afrika Mashariki walijifunza somo hili mapema. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara ambazo hazikutofautiana sana na hizi za Katavi za leo. Mwaka 1963 waliomaliza walikuwa saba tu. Mwaka 1968, tena, saba tu. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na miaka yote miwili gari lao lilikuwa Peugeot 404. Katikati hapo Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell. Gari? Peugeot 404.

Peugeot 404 haikuwa na ubavu wa kutisha. Sifa yake ilikuwa springi laini zenye mwendo mrefu: tairi linashuka shimoni na kupanda tena bila bodi kurushwa, na muda wote linagusa ardhi. Wazungu wa Ulaya waliokuja na magari yaliyokazwa kwa ajili ya lami waliyaacha porini yakiwa yamevunjika. Hata leo mchezo umebaki uleule. Waandaaji wa Dakar walipobadili kanuni za daraja la juu kwa mashindano ya 2022, moja ya mambo waliyoruhusu ni tairi kubwa zaidi na mwendo wa springi kutoka milimita 280 hadi 350, na Hilux ya Nasser Al-Attiyah ikashinda mwaka huo na uliofuata. Hilux ile na hii ya mnunuzi wa mpunga zinafanana jina tu, lakini shimo halijui bei ya gari.

Kwa hiyo ombi la kupeleka gereji si kukaza. Ni kulipa tairi nafasi ya kupanda na kushuka, kisha kumpata wa kulituliza.

SHOKAPU, FUNDI ASIYESIFIWA

Mtulizaji ni shokapu. Springi hubeba uzito, lakini ikishakunjwa inataka kurudi kwa nguvu na kuendelea kucheza. Shokapu inalazimisha mafuta yapite kwenye matundu madogo ndani yake, na ule mchezo unageuka joto. Ndiyo maana ukiigusa baada ya safari ya rasta inakuunguza. Ikipata joto sana mafuta yanatoa povu, povu halina upinzani, na kwa kilomita zilizobaki gari linakwenda kama halina shokapu kabisa. Zile zinazojazwa gesi ya naitrojeni huchelewa kutoa povu, na kwa njia ndefu za vumbi ndizo za kununua mfuko ukiruhusu.

Wamiliki wengi wanafanya kinyume. Fedha yote inaishia kwenye springi, shokapu zinabaki zilezile zinazovuja, au zinaletwa za mtumba ambazo muuzaji ameshazifuta mafuta zisionekane. Springi mpya ngumu na shokapu iliyokufa ni mbaya kuliko springi ya zamani na shokapu nzima. Mwenye bajeti ndogo aanze na shokapu nne na bushi. Kisha azifungue springi zilizopo: mara nyingi kutu imezigandisha bapa zisiteleze moja juu ya nyingine, na kuzitenganisha, kuzisugua na kuzipaka mafuta kunarudisha ulaini kwa gharama ya siku moja ya fundi.

Anayeweza kubadili zote, anunue seti kamili iliyotengenezwa kwa modeli yake. Watengenezaji kama Old Man Emu wa Australia huziuza kwa madaraja ya uzito, na kosa la kawaida ni kuchagua la juu kabisa kwa kuwaza siku ile moja ya tani nzima. Uchague kwa uzito ambao gari linabeba siku nyingi. Seti nzuri ina bapa nene ya chini iliyonyooka ambayo haifanyi kazi mpaka mzigo uwe mkubwa, hivyo gari tupu linabaki laini na lenye timu linapata msaada.

Modeli nayo itajwe vizuri dukani, maana spea ikitumwa kutoka Kariakoo hairudi kirahisi. Land Cruiser za dizeli za kabla ya 1999 zina bapa mbele na nyuma. Kuanzia mwaka huo mbele zikaja za mviringo, na ukiziinua hizo bila kurekebisha pembe ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga barabarani.

FIMBO NDOGO YA BREKI

Hapa ndipo penye hatari ambayo haionekani. Chini ya Hilux nyingi za zamani kuna fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chasisi. Kazi yake ni kusoma uzito. Mzigo ukiwa mwingi, bodi inashuka, fimbo inasogea, vali inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu bodi iko juu, vali inazipunguzia breki za nyuma ili zisikamate na kuteleza.

Sasa mwenye gari ameinua nyuma sentimita tano kwa springi mpya. Anapakia vijana 16. Bodi inashuka, lakini inaishia pale ilipokuwa zamani ikiwa tupu. Vali inaamini hakuna mzigo. Breki za nyuma zinapunguzwa wakati ndizo zinazohitajika, na mbele kuna mteremko na ng'ombe wanavuka. Kuirekebisha fimbo hiyo ilingane na urefu mpya ni kazi ndogo, ila lazima fundi akumbushwe, kwani wapo wanaoifungua na kuitupa. Papo hapo atazame na mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli. Ukivutika gari likiwa limeinuliwa kwenye jeki, ni mfupi, ubadilishwe. Na shokapu zilingane na urefu mpya, la sivyo zenyewe ndizo zitakuwa kamba ya kuzuia ekseli isishuke, na zitang'oka.

Kuhusu gari kuinuliwa kwa ajili ya kupendeza, sentimita tano zinatosha na kubaki. Kila inayoongezwa juu ya hapo inampandisha pia yule kijana aliyesimama nyuma.

Mchezaji wa ngazi hii mtaji wake ni miguu, na hana bima. Julai 2021 basi la Polisi Tanzania liligonga mti mkoani Kilimanjaro timu ikitoka mazoezini, na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Hiyo ilikuwa timu ya Ligi Kuu, ndani ya basi, kila mtu kwenye kiti. Kisheria pikapu ya mizigo si gari la abiria, na trafiki akiisimamisha yenye vijana kumi na sita nyuma hana cha kujadili. Klabu inayoweza kuchanga nauli ya kosta ichange, na hakuna springi ya kubishana na hilo. Isiyoweza, na ziko nyingi kuanzia Mpimbwe hadi Mishamo, angalau igawe msafara mara mbili na vijana wakae chini sakafuni, migongo ikiegemea bodi.

Kazi ya gereji ikiisha, yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli ziwe mpya, si zile zilizonyooshwa. Bapa mpya zinajikandamiza na kujipanga safari za mwanzo, nati zinalegea, na sentabolti ikibaki peke yake hukatika na ekseli ikahama upande. Baada ya kilomita 500 zikazwe tena, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Kwa pikapu ya timu, hizo ni mechi mbili tatu za ugenini, hivyo spana ya kukazia isiachwe nyumbani.