Karasha Ndani ya Kompyuta: Nani Akokotoe Fizikia ya Mchezo?

Karasha linalosaga mawe ya dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Geita ni pipa la chuma lizungukalo likiwa na gololi nzito ndani, na anayetaka kuuigiza mzunguko huo kwenye kompyuta hulazimika kukokotoa, kwa kila gololi na kila kipande cha jiwe, kimegongana na nini, kwa nguvu gani, na kitaelekea wapi. Hesabu za namna hiyohiyo ndizo fizikia ya mchezo: ukuta unapobomoka au gari linapopinduka, injini ya fizikia, yaani programu ya kukokotoa migongano, hufanya kazi yake kabla picha haijachorwa, na katika mchezo wa fremu 60 kwa sekunde yote hayo hutakiwa kukamilika ndani ya milisekunde 17 hivi.

Prosesa ina viini vichache vyenye nguvu, vinavyomudu kazi yenye masharti mengi, ilhali kadi ya grafiki ina viini vidogo mamia au maelfu vinavyorudia hesabu moja juu ya data nyingi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo karasha lenye chembe milioni kadhaa huifaa kadi. Mchezo ni jambo jingine, kwa sababu tokeo la mgongano huamua mlango ufunguke au mchezaji afe, na uamuzi huo hufanyika kwenye prosesa. Kupeleka data kwenye kadi na kuisubiri irudi hula muda ambao haupo. Ndiyo maana Half-Life 2 ya mwaka 2004, iliyotumia injini ya Havok, iliitegemea prosesa, na michezo mingi ingali hivyo.

Kampuni ya Ageia iliuza kadi ya fizikia pekee mwaka 2006, na NVIDIA ilipoinunua mwaka 2008 ilihamishia teknolojia yake ya PhysX kwenye kadi zake za grafiki. Katika Batman: Arkham Asylum ya mwaka 2009, kadi ilikabidhiwa moshi, vitambaa na karatasi zinazopeperuka, yaani mapambo yasiyoamua matokeo, na mgawanyo huo ulikuwa wa busara.

Kwa mnunuzi wa laptop mjini Shinyanga au Kahama, joto lina uzito kuliko majina yaliyobandikwa kwenye kava. Katika laptop nyingi za michezo prosesa na kadi hupozwa na mirija ileile ya shaba na feni zilezile, ambazo vumbi la kiangazi huziziba, na chombo kikishapata joto kupita kiasi vyote viwili hupunguza kasi. Kadi iliyokwishaelemewa na uchoraji haistahili kuongezewa moshi na vitambaa. Na kuihamishia prosesa mapambo hayo katika michezo ya zamani huangusha fremu vibaya, hivyo ni afadhali yazimwe. Kabla ya kulipia kadi kubwa zaidi, ubora wa picha upunguzwe kwanza: fremu zisipoongezeka, kinachokwamisha mchezo aghalabu ni prosesa.