Nililala Kaplong kwa Sh800

Matatu yetu iliharibika tulipopita Bomet, na kufikia wakati makanga alipokubali kwamba safari ya Kisii imeisha, ilikuwa saa mbili usiku na mvua inanyesha. Tukaachwa Kaplong, pale makutano. Barabara moja inaenda Sotik na Kisii, nyingine Litein na Kericho, na ya tatu ndiyo hiyo tuliyokuja nayo. Simu yangu ilikuwa na chaji ya asilimia tisa. Kwa M-Pesa nilikuwa na Sh1,400.

Si unajua zile video za hoteli za bei ya chini za Japani? Mimi huzitazama hadi usiku wa manane, sikatai. Hoteli ya kwanza ya vile vyumba vya kapsuli ilifunguliwa Osaka mwaka wa 1979, na wengi waliozipenda walikuwa watu wa ofisi waliokosa treni ya mwisho. Unajipenyeza kwenye kisanduku chako, unalala, asubuhi unarudi kazini. Sasa mimi nilikuwa nimekosa matatu ya mwisho, na hakuna mtu amewahi kurekodi video ya gesti za Kaplong.

Ya kwanza niliyoingia ilikuwa na muziki mwingi. Kijana wa mapokezi hakuinua macho kutoka kwa simu.

"Ni ya lisaa ama mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi."

"Uko pekee yako?"

Nikamuuliza kama anataka kitambulisho. Akacheka. "Wewe lipa tu, siste." Mlango wa chumba alichonionyesha ulikuwa na kitasa, lakini komeo la ndani lilikuwa limeng'olewa, yamebaki matundu manne ya misumari. Nikamwambia narudi. Sikurudi.

Kama wewe ni mwanaume, pengine unaona nilikuwa na maringo kwa mtu aliyenyeshewa. Januari 2024 wanawake waliuawa katika vyumba vya kukodisha vya muda mfupi jijini Nairobi, na tarehe 27 mwezi huo tukaingia barabarani kuandamana. Tangu hapo, nikilala nje, mamangu haniulizi niko wapi. Huniuliza mlango unafungika.

Gesti ya pili ilikuwa kimya. Mama mmoja wa makamo, sweta mbili mwilini, alikuwa ameketi nyuma ya meza yenye kitabu kikubwa cha mistari.

"Chamgei. Kitambulisho, madam."

Akaandika jina, nambari, ninakotoka, ninakoenda, na nambari ya mtu wa kupigiwa "kukiwa na neno." Nikalipa Sh800. Kisha akapanda ngazi nami, akafungua chumba, akatoka nje na kusema: "Sasa funga komeo, nisikie." Nikafunga. Akasukuma mlango kwa bega, mara mbili. "Sawa. Usifungulie mtu. Hata mimi, mpaka uskie sauti yangu."

Chumba chenyewe? Kitanda, kiti cha plastiki, Biblia, na patipati mbili, zote za mguu wa kushoto. Shawa ya stima ilikuwa imeungua, kwa hivyo maji ya moto yaliletwa na ndoo, na kusema kweli hiyo ndoo ilikuwa na joto kuliko shawa yoyote niliyowahi kuoga Nairobi. Blanketi zilikuwa tatu. Usidharau, baridi ya kwenye majani chai si ya mchezo. Saa tano stima ikapotea. Malori yalipita usiku kucha yakishusha gia pale makutano, na kila moja lilitikisa dirisha. Nililala kama saa nne hivi, lakini nililala.

Asubuhi, wakati wa chai na mandazi, ndipo nilipoona ni nani hasa hulala hapo. Hakuna mtalii. Dereva wa lori aliniambia yeye haangalii hata kitanda, anaangalia kama soja analala. Baba mmoja alikuwa amekuja na sanduku la bintiye anayesoma pale Kaplong Girls, na lalamiko lake lilikuwa moja tu: mandazi ni ya jana. (Ni kweli, yalikuwa ya jana.)

Halafu kulikuwa na mama wa chumba namba tatu, kutoka upande wa Transmara. Binti yake alijifungua kabla ya siku zake, katika hospitali ya misheni, na mtoto alikuwa bado anawekwa kwenye joto. Huu ulikuwa usiku wake wa sita hapo. Usiku wa kwanza na wa pili alilipa bei kamili. Baadaye akapunguziwa hadi Sh400, kwa sababu sasa analala kitanda kimoja na mama mwingine mwenye mgonjwa, na uji wa binti anaupika mwenyewe katika jikoni ya gesti.

"Pesa ikiisha nitakaa kwa benchi ya hospitali," aliniambia, bila kulia wala nini, kama mtu anayepanga nauli.

Alipoinuka na kibuyu chake cha uji, akasimama pale mapokezi akitafuta kitu kwenye leso. Mama wa sweta mbili hakufungua kitabu.

"Ya jana nitaandika kesho," alisema. "Nenda, uji utapoa."

Nilidhani nimeisikia vibaya. Nikakumbuka jinsi alivyoandika jina langu usiku, herufi kwa herufi, mwanamke asiyeruka mstari hata mmoja.

Nikarudisha ufunguo. "Ukifika Kisii unipigie," akasema. Nikasema sawa, nikapanda gari la kwanza, na nikasahau kabisa.

Saa tano simu ikalia, nambari nisiyoijua.

"Ulifika?"

Nikaomba msamaha kama mtoto. Kisha nikamuuliza kuhusu mama wa namba tatu. Akasema bado yuko, na mtoto ameongeza gramu sitini.